Vipapatio vya moshi nyumbani: ngozi kwanza, kisha sosi nyeupe

Kipapatio cha kuku kina ngozi na mafuta mengi, nyama kidogo. Wengi husahau hilo. Huchukua kanuni za kupika mapande makubwa ya ng'ombe kwa moshi, yaani joto la chini kwa saa nyingi, wakazitumia kwa kuku, kisha wanatoa vipapatio vinavyonukia vizuri lakini ngozi yake inavutika mdomoni kama mpira. Ngozi ya namna hiyo hurudishwa sahanini hata moshi uwe mtamu vipi. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa ina lengo moja: mafuta ya chini ya ngozi yatoke, na ngozi iwe imekauka kabla ya kukutana na moto mkali.

Nunua vipapatio vya kuku wa kisasa. Vya kienyeji vina ladha, ila vimekomaa na hutaka kuchemshwa kwanza, na ukishavichemsha ngozi inalowa. Kilo moja na nusu inawatosha watu wanne au watano. Tenganisha kila kipapatio kwenye maungio: kipande kinene cha upande wa bega, cha kati chenye mifupa miwili, na ncha. Papasa kiungo kwa kidole gumba mpaka uhisi kibonde. Kisu kikipita hapo hakikutani na mfupa. Kikigonga, kisogeze kidogo, usilazimishe, maana mfupa ukivunjika vipande vyake hubaki ndani ya nyama. Ncha ziweke za supu.

Kausha kila kipande kwa karatasi za jikoni. Changanya vijiko vitatu na nusu vya chai vya chumvi laini, kijiko kimoja cha chakula cha beking pauda, kijiko kimoja cha chakula cha paprika, vijiko viwili vya chai vya kitunguu saumu cha unga na kimoja cha pilipili manga. Sukari usiweke, itaungua mwishoni. Beking pauda huwatia watu wasiwasi, lakini ina kazi: inapunguza asidi kwenye ngozi, hivyo ngozi inashika rangi upesi na kukauka vizuri. Usibadilishe kwa magadi soda kwa kipimo kilekile, utapata ladha ya sabuni.

Vipange juu ya wavu uliowekwa kwenye treya, viingie kwenye friji bila kufunikwa, rafu ya chini kabisa ili maji ya kuku yasidondokee vyakula vingine. Viache saa 8 hadi 12. Ukigusa ngozi kesho yake iwe imekaza, isikunate kidoleni. Kama huna muda huo, saa tatu ni bora kuliko kutokausha kabisa, ila tofauti utaiona.

Sasa moto. Unahitaji jiko lenye kifuniko na matundu ya hewa, au nusu pipa la kuchomea nyama lililotengenezewa kifuniko chake. Usifunike kwa bati la kuezekea. Rangi na zinki yake hazifai kuwa karibu na chakula kwenye joto. Makaa yawe upande mmoja tu. Upande wa pili weka treya ya maji, na vipapatio vikae juu yake. Mafuta yakidondokea majini hayalipuki moto wala kutoa masizi. Mkaa wetu mara nyingi una vipande visivyoiva, vyenye rangi ya kahawia ndani. Hivyo hutoa moshi mkali, kwa hiyo subiri mpaka makaa yote yafunikwe na jivu jeupe ndipo uweke kuku.

Shikilia joto la nyuzi 120 hadi 135 za Selsiasi, likipimwa pale kwenye wavu. Chini ya hapo ngozi haiivi. Tundu la juu liache wazi kabisa na upunguze au uongeze moto kwa tundu la chini peke yake. Ukiziba la juu, moshi unakwama ndani, unapoa na kuacha utando mweusi mchungu juu ya nyama.

Kuni za moshi ziwe ngumu na kavu. Mpera ni chaguo langu la kwanza. Mchungwa na mlimao pia ni wazuri. Wenye mathenge jirani, kama Baringo na Tana River, wana mti wa jamii moja na mesquite, mti unaotumika sana kwa nyama ya moshi huko Texas, lakini moshi wake una nguvu, basi kipande kimoja kidogo kinatosha. Epuka mwembe, ambao moshi wake huwasha macho na koo, na epuka msonobari, mkaratusi na mbao yoyote iliyopakwa rangi au dawa. Vipande viwili vya ukubwa wa ngumi vinatosha kwa kazi yote. Usiviloweke: maji lazima yakauke kwanza ndipo kuni iwake, na muda huo wote unapata mvuke na moshi mzito mweupe. Moshi unaoutaka ni mwembamba, wa samawati kwa mbali, wakati mwingine hata hauonekani vizuri.

Baada ya dakika 45 hadi 60 vipapatio vitakuwa na rangi nzuri, lakini ngozi bado laini. Hapo ongeza hewa, hamishia vipande juu ya makaa yenyewe, kifuniko wazi, na uvigeuze kwa koleo kila baada ya nusu dakika au dakika moja. Usiondoke. Kati ya dakika 5 na 8 ngozi itatoa povu dogodogo la mafuta, kisha itatulia na kukauka. Hapo vimeiva. Mwenye oveni anaweza kumalizia kwa nyuzi 220, dakika 10 hadi 12.

Kuku ni salama kuanzia nyuzi 74 ndani ya nyama, ila kipapatio ni bora kati ya 82 na 88, maana kano zake zinalainika huko. Ncha ya kipimajoto isiguse mfupa. Wekundu karibu na mfupa haumaanishi ubichi. Moshi wenyewe hubadili rangi ya nyama, kwa hiyo amini kipimo kuliko macho. Na yote haya yafanyike nje. Jiko la mkaa ndani ya nyumba linaua, hata dirisha likiwa wazi.

Sosi ninayoipendekeza inatoka Alabama, Marekani, ambako Bob Gibson wa mji wa Decatur anatajwa kuwa ndiye aliyeianzisha mwaka 1925 kwa ajili ya kuku wa moshi. Ni mayonezi na siki, na ukali wa siki ndio unaokata mafuta ya kuku. Kwa kilo moja na nusu, chukua kikombe kimoja cha mayonezi, nusu kikombe cha mtindi mzito usio na sukari, vijiko vitatu vya chakula vya siki ya tufaha, kimoja cha maji ya ndimu, viwili vya chai vya haradali kali, kimoja na nusu cha chai cha pilipili manga iliyosagwa papo hapo, na pilipili ya unga kidogo. Mtindi mwepesi uchuje kwa kitambaa saa mbili kwanza, la sivyo sosi haitashika kwenye nyama.

Punje moja ya kitunguu saumu itwange na chumvi, uichanganye na ile ndimu na kuiacha dakika 10 kabla ya kuiingiza. Ndimu hupunguza ule ukali unaobaki mdomoni hadi jioni. Sosi ikae kwenye friji angalau saa moja, ndipo uionje tena, kwani ikipoa huhitaji chumvi zaidi. Usiipake kwenye vipapatio vikiwa motoni, mafuta yatajitenga na utaona mabonge. Ipakue kando, kila mtu achovye mwenyewe. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa isizidi saa moja mezani.

Vipapatio vilivyobaki vipashe kwenye kikaango kikavu kwa moto wa wastani, upande wenye ngozi nyingi chini. Maikrowevu itakurudishia ile ngozi uliyoikimbia tangu mwanzo.