Chumvi ya kisima imetoka wapi?

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya maji ya chini ya ardhi, mkipelekwa kwenye kisima cha Dar es Salaam kilichogeuka chumvi, msikimbilie kusema bahari imeingia. Chumvi hiyo yaweza kuwa ya bahari, ya mashimo ya vyoo, au ya kale iliyolala kwenye udongo.

Nilipoanza niliamini oksijeni-18, isotopu yaani aina nzito ya oksijeni iliyomo ndani ya maji, ingenijibu peke yake. Pigeni hesabu kwanza. Lita ya maji ya bahari ina kloridi, sehemu kuu ya chumvi, miligramu 19,000 hivi. Yakiingia kisimani asilimia 5 tu, kloridi hupanda kwa karibu miligramu 950 kwa lita, na hapo hakuna atakayeyafurahia kuyanywa. Sasa tuseme mvua ya pwani na bahari zimepishana kwa 3 katika elfu kwenye oksijeni-18. Asilimia 5 ileile inasogeza kipimo kwa 0.15, karibu sawa na kosa la mashine. Kisima kimeharibika, na isotopu imenyamaza.

Anayesema hapo ni bromidi, ndugu wa kloridi kwenye chumvi, ingawa ni kidogo mno. Baharini kloridi ni kama mara 290 ya bromidi kwa uzito, na uwiano huo haubadiliki sana maji ya bahari yakichanganyika na ya kisima. Uwiano wa maji ya vyooni mara nyingi huwa juu zaidi, maana chumvi ya mezani ina bromidi haba, na naitreti, itokanayo na kinyesi na mkojo, huandamana na maji hayo.

Isotopu nazo hung'ara kwenye uvukizi. Ukichora hidrojeni nzito ya maji dhidi ya oksijeni-18, mvua hufuata mstari aliouonyesha mwanasayansi Harmon Craig mwaka 1961, wenye mwinuko wa 8. Maji yaliyopigwa jua kabla ya kuzama hufuata mwinuko mdogo, mara nyingi 4 hadi 6. Lakini chupa mbaya huleta picha hiyohiyo. Niliwahi kuacha sampuli nusu chupa, kifuniko kimelegea, kwenye gari juani. Majibu yakaonyesha maji ya bwawa, nami nikaandika ukurasa mzima kuyaeleza kabla sijaikumbuka ile chupa. Jazeni mpaka juu, pasibaki hewa, mkaze kifuniko.

Pampu iendeshwe hadi mita ya chumvi na joto itulie, la sivyo mnapima maji yaliyolala bombani. Sampuli ya kupimia metali ichujwe kwa kichujio cha mikromita 0.45, kisha itiwe tindikali ya naitriki. Ya kupimia naitreti iwe kwenye chupa nyingine kabisa, kwani tindikali hiyo yenyewe ni naitreti.