Gari dogo la fowili: matairi kwanza, kulinyanyua baadaye

Wanaoniomba ushauri kuhusu gari dogo la fowili karibu wote huanza na swali moja: nilinyanyue inchi ngapi? Nami huwauliza lina kilo ngapi. Wengine hudhani nimewakwepa, kumbe jibu limo humo humo. Suzuki Jimny iliyotoka mwaka 2018 ina kilo 1,100 hivi. Kwenye mchanga au tope laini, gari la uzito huo hupita mahali ambapo gari la tani mbili na nusu linajichimbia shimo, na likikwama, watu wachache wenye koleo hulitoa. Wepesi ndio mtaji wake, na karibu kila pambo linalouzwa kwa ajili ya magari haya linautafuna mtaji huo.

Kwenye kuchagua, usidanganywe na maandishi ya 4WD yaliyobandikwa mlango wa nyuma. Mimi hutafuta gia ya lo kwanza, yaani gia ya ziada ya mwendo mdogo. Kwenye Jimny, ukiingiza lo mwendo unapungua takribani nusu, na nguvu inayofika kwenye magurudumu inaongezeka karibu maradufu. Unapanda mwamba kwa mwendo wa mtu anayetembea bila kuunguza klachi, na unateremka bila kukalia breki. Magari mengi ya mjini yenye fowili hayana lo, na kifaa kinachopeleka nguvu nyuma kikipata joto sana hujizima ili kisiungue. Kwa barabara ya vumbi na mvua za kawaida yanatosha kabisa, tena yana raha zaidi kuyaendesha, asikucheke mtu. Ila mawe na makorongo si kazi yake.

Kisha nachungulia uvungu. Natafuta fremu ya chuma na ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, vitu ambavyo Jimny na ndugu zake wa zamani, SJ410 na SJ413, wanavyo. Ekseli ikiwa nzima, gurudumu moja likisukumwa juu na jiwe, mwenzake hukandamizwa chini, hivyo yote mawili hubaki yanashika ardhi. Kwenye lami utarushwarushwa, hilo sikufichi. Suzuki Escudo ya kwanza, ya mwaka 1988, ina fremu na lo, lakini mbele kila gurudumu linajitegemea, kwa hiyo hutulia zaidi barabarani. Halafu kuna Lada Niva, iliyoanza kutengenezwa 1977: haina fremu ya kujitegemea, mbele haina ekseli nzima, na bado hupita pabaya kwelikweli kwa sababu ni nyepesi, ina lo, na difu yake ya katikati, yaani gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafungika.

Kwenye gari lililotumika, kutu inanitisha kuliko injini. Injini ndogo hizi fundi wengi wanazimudu. Fremu iliyooza kwa ndani ni habari nyingine. Gonga kwa nyundo ndogo nyuma ya bampa na pale bodi inapofungwa kwenye fremu, usikilize mlio. Kwa Jimny za 1998 hadi 2018, angalia pia habu za mbele, zinazounganisha magurudumu ya mbele na fowili. Nyingi huungwa na vakyumu (mvuto wa hewa) kupitia mipira myembamba ambayo ikizeeka hupasuka. Taa ya fowili inawaka kwenye dashibodi, lakini magurudumu ya mbele hayavuti chochote. Kulijua hilo, nenda kwenye udongo uliolegea, ingiza fowili, kata usukani mpaka mwisho, uende polepole. Ikishika kweli utasikia gari linagoma na kujivuta. Likizunguka kilaini kama kawaida, mbele hakuna kitu. Usijaribu hivyo kwenye lami kavu, maana Jimny haina difu ya katikati na utaumiza gia.

Usukani ukitetemeka kwa ghafla ukiwa kwenye mwendo, muuzaji atakwambia ni balansi ya matairi. Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi ni beringi za kingpini (pale gurudumu la mbele linapogeukia), bushi zilizokwisha au tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza magurudumu). Kuna wanaofunga shokapu ya usukani kuuficha mtetemo huo, na ukiikuta mpya inang'aa kwenye gari lililochoka, uliza maswali zaidi.

Sasa pesa iende wapi? Matairi. Ndiyo pekee yanayogusa ardhi, na ndiyo pekee yanayonyanyua difu. Springi ndefu hunyanyua bodi na fremu, difu inabaki palepale. Jimny nyingi za lita 1.3 zilitoka na tairi la 205/70R15, lenye kipenyo cha milimita 668. Ukifunga 235/75R15 unafika milimita 733, difu inapanda kama milimita 33. Inavutia, ila kila gia imerefuka kwa asilimia 10: injini inahangaika mlimani, breki zina kazi zaidi, spidomita ikisoma 100 unakimbia karibu 110, na tairi linaanza kukwangua bodi ukikata kona. Mimi nimeishia kwenye 215/75R15, yenye milimita 703. Napata milimita 18 chini ya difu na injini bado inapumua. Meno makubwa ya kukata tope sijayataka, kwa sababu gari hilohilo hunipeleka kazini, na kwenye lami yenye maji matairi hayo hayana urafiki na mtu.

Jifunze pia kupunguza upepo. Kwa gari jepesi linalotembea na psi 26, kushuka hadi 16 au 18 kwenye mchanga hulifanya tairi lilale na kurefusha sehemu inayoshika ardhi. Tofauti yake huonekana papo hapo: mahali gari lilipokuwa linazama linaanza kuelea. Ukiwa chini hivyo usikimbie wala kukata kona kwa nguvu, tairi linaweza kutoka kwenye rimu. Kwa hiyo pampu ya umeme na geji nzuri vinunuliwe kabla ya taa za kwenye paa. Rudisha upepo kabla ya kuingia lami.

Pamoja na hivyo, funga ndoano imara mbele na nyuma, zilizoshikwa na fremu kwa boliti. Vile vitundu vidogo ambavyo magari mengi hutoka navyo ni vya kulifunga gari lisitembee likisafirishwa, havijatengenezwa kwa mvuto wa ghafla. Na tufe la chuma la kuvutia trela lisitumike kamwe kumnasua mtu. Likikatika linaruka kama risasi, na limeshaua watu.

Kabla ya kufikiria bomba refu la hewa la kupitia maji, refusha mipira ya kupumulia ya difu uipandishe hadi kwenye chumba cha injini. Difu ya moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Oili ikibadilika rangi kuwa ya maziwa, imwage siku hiyohiyo.

Kunyanyua nako kuna mahali pake, ila milimita 50 zinatosha. Ukizidi hapo kwenye Jimny, ekseli ya mbele inageuka kidogo na usukani unaacha kurudi wenyewe, mpaka ufunge bushi maalumu za kusahihisha. Ekseli inavutwa upande mmoja, mipira ya breki inakuwa mifupi, propela shafti inapinda. Tena springi nyingi zinazouzwa ni ngumu, zimepigiwa hesabu ya bampa la chuma na winchi. Kwenye gari tupu hazinyumbuki, gurudumu linabaki hewani, na difu ya kawaida huipeleka nguvu yote huko huko hewani. Ningeanza na kufuli ya difu ya nyuma, inayolazimisha magurudumu yote mawili ya nyuma kuzunguka pamoja.

Uwezo wa Jimny mpya kubeba ni kilo 300 na ushei, watu na mizigo pamoja. Wawili mkikaa, ongeza bampa la chuma, winchi, keria na hema juu ya paa, halafu piga hesabu chakula na maji vitakaa wapi. Badala ya kuongeza, kwenye langu niling'oa viti vya nyuma, ambavyo hakuna mtu mzima aliyewahi kuvifurahia, nikaweka sanduku la mbao lililofungwa sakafuni kwa ajili ya kamba, koleo, pampu na jeki. Vizito vyote vimelala chini, na kwenye mteremko wa ubavu ninalisikia gari limetulia.