Maswali Yenu: Ile stat ya zamani, tuitupe ama tuiache?

SWALI: Salaam aleikum kaka. Niko na jamaa hapa Changamwe wanaofunga vifaa kwenye malori ya bandarini, bodi zetu ni ARM za biti 32 na tuna kalaibrari ketu ka C, kalianza kama nakala ya kitambo ya musl (laibrari ndogo ya C ya Linux) tukawa tunakapunguza. Mwenzangu akakuta faili moja imejaa fanksheni za ajabu, __xstat, __fxstat, __lxstat na ndugu zao wenye 64 mwishoni, zote zinapokea namba halafu haziifanyii kitu, zinaita stat ya kawaida tu (ile ya kuuliza habari za faili, ukubwa na saa zake). Akaona takataka, akafuta. Kila kitu kikakompaili sawa, ila kuna programu moja ya muuzaji, sosi yake hatuna na muuzaji mwenyewe simu hashiki, ikakataa kuwaka, yasema haioni __xstat64. Tumezirudisha lakini bosi yuwaniuliza tutabeba huu mzigo mpaka lini. — Msomaji wa Changamwe

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Mwambie bosi mzigo wenyewe ni mistari michache na hauli chakula. Mpaka ile programu ya muuzaji iondoke kwenye malori, ndio jibu la lini.

Hiyo namba isiyotumika ina historia yake. Zamani glibc, ile laibrari ya C ya Linux nyingi, haikuwa inatoa stat kama jina la kweli kwenye .so yake (faili ambayo programu huunganishwa nayo ikiwaka), wewe ukiandika stat() ndani ya programu yako kunaingizwa kijifanksheni kidogo kinachoita __xstat pamoja na namba ya toleo, kwa i386 ilikuwa 3 na kwa x86_64 ilikuwa 1, yaani programu inajitambulisha "mimi nimejengwa nikiijua struct stat (kisanduku cha majibu ya stat) kwa umbo hili". Mpaka glibc 2.33 ya mwaka 2021 ndio stat yenyewe ikatolewa hadharani. Kwa hivyo programu iliyojengwa kabla ya hapo imebeba __xstat tumboni hata kama aliyeiandika hajawahi kulisikia hilo jina. musl yenyewe ina umbo moja tu kwa kila aina ya mashine, haina cha kuchagua, ndio maana inapokea namba na kuipuuza. Si uvivu huo.

Sasa kinachonipa wasiwasi kwako sio kufuta, ni kurudisha. Umesema nakala yenu ni ya kitambo na bodi ni za biti 32, sa siku mkitaka time_t, ile namba ya kuhesabu saa kwa sekunde, iwe ya biti 64 (na mtaitaka, sekunde za biti 32 zinaisha tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu za Mombasa ni saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi) struct stat yenu itarefuka. Ile programu ya muuzaji haijui hayo, yenyewe imetenga nafasi ya lile umbo fupi. Ukiiacha __xstat64 iite stat mpya moja kwa moja itaandika kupita mwisho wa nafasi, iharibu vitu vya jirani kwenye staki, na hutapata kosa lolote wakati wa kukompaili, utakuja kuona kifaa kinazima tu njiani Mariakani huko na hakuna anayejua kwa nini.

Angalia musl walivyoitatua kwenye 1.2.0 mwaka 2020, mimi naipenda sana hii. Hawakuzibadilisha zile sehemu za mwanzo za strakti, saa za zamani za biti 32 zimebaki palepale zilipokuwa, saa mpya wakazibandika mwisho kuanzia st_atim (saa faili iliposomwa mwisho). Halafu kwa programu za zamani wanaita stat mpya ndani ya strakti yao wenyewe, ikifaulu wananakili baiti mpaka pale st_atim inapoanza na kuishia hapo:

memcpy(st32, &st, offsetof(struct stat, st_atim));

Mstari mmoja! Programu mpya zinaelekezwa na heda kwa jina jingine, __stat_time64, za zamani zinabaki na jina la zamani, kila mtu na mlango wake.

Kwa hivyo ziwekeni hizo fanksheni kwenye faili yake peke yake, msizitangaze kwenye heda yoyote ili mtu asije akaanza kuzitumia leo, na juu yake andikeni jina la programu inayozihitaji. Kujua nani anazihitaji ni rahisi, pitisha nm -D --undefined-only (inaorodhesha majina ambayo programu inayatafuta nje) kwa kila programu mlizonazo kwenye bodi ukitafuta xstat. Zisizoitwa na yeyote, hizo futa, sina neno. Na mkishahamia time_t mpya jaribuni na faili ya touch -d 2040-01-01 na nyingine ya truncate -s 3G, hiyo ya pili haijazi diski lakini itawaonyesha kama kuna mahali ukubwa bado unakatwa kwenye biti 32.

SWALI: Mimi nimeandika stat yangu iite statx (stat mpya ya kerneli) kwanza, ikirudi ENOSYS, yaani kerneli haiijui, inaenda njia ya zamani. Kwa laptopu ya biti 64 poa kabisa, ndani ya kontena kwa seva ya mteja kila faili inarudi EPERM ("hairuhusiwi") hata ile nimeiunda mwenyewe. Ni ruhusa? — Likoni

JIBU: Sio ruhusa, stat ikinyimwa ruhusa ya njia hurudisha EACCES. Hapo kuna kichujio cha zamani cha seccomp (ulinzi wa kerneli unaochuja programu iite nini) kisichoijua statx, manake imeingia kwenye kerneli 4.11 mwaka 2017, na kisichokijua kinakipiga EPERM badala ya kusema ENOSYS. Lakini kwani statx waitakia nini kwenye biti 64? Saa ya kerneli hapo tayari ni pana, ita newfstatat, ile stat ya kawaida ya kerneli, na umalize. Linganisha sizeof ya sekunde za kerneli na time_t yako, ikiwa za kerneli ni fupi ndio uanze na statx. Na EPERM usiigeuze kuwa ENOSYS kimyakimya, mwambie mteja asasishe seva.

SWALI: Si tuache stat zote za zamani tutumie statx peke yake? — Kongowea

JIBU: LoongArch (aina ya prosesa ya Kichina) walifanya hivyo, wakaingia kerneli 5.19 mwaka 2022 bila fstat, ile stat ya faili iliyokwisha kufunguliwa. Vichujio vya seccomp vikashindwa, kwa sababu vinaona namba tu, haviwezi kufuata pointa kusoma jina la faili, sa vitajuaje kama umeuliza faili uliyokwisha kuifungua ama njia nyingine kabisa? 2024 kwenye 6.11 fstat ikarudishwa.