Asili ya "Brobdingnagian" na mahali pa kulitumia

Ndugu, umeuliza neno hili la Kiingereza limetoka wapi na kama linafaa kwenye insha yako. Maana yake ni kubwa kupindukia. Limetokana na Brobdingnag, nchi ya majitu ambayo mwandishi Jonathan Swift aliibuni mwaka 1726 katika kitabu chake cha hadithi, Gulliver's Travels. Huko msafiri Gulliver analelewa na binti wa mkulima, mtoto wa miaka 9 mwenye kimo cha futi zisizozidi 40, na bado anahesabiwa mfupi kwa umri wake!

Kwa kawaida huanza na B kubwa. Litumie kwenye simulizi, pale unapotia chumvi makusudi, tena mara moja tu. Kwenye barua ya kazi au ripoti liache kabisa. Kama insha ni ya mtihani, mwonyeshe mwalimu wako kwanza.