Kabla hujameza diklofenaki, onesha maumivu yanaishia wapi

Kuanzia Oktoba, huku Newala, ukimsalimia mtu asubuhi anakujibu huku ameshika kiuno. Korosho inaokotwa. Unainama chini ya mkorosho kutwa, unaitenganisha na bibo lake, unaitupia kwenye ndoo, unasogea hatua, unainama tena. Halafu lije gunia la kilo 80 la kupakia kwenye pikipiki. Duka la dawa nalo linavuna: diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, zinanunuliwa kama pipi.

Maumivu yangu ya mgongo yalinipata wakati wa palizi. Mtaalamu wa fiziotherapia aliniuliza, "Mama, maumivu yanaishia wapi?" Akataka nioneshe kwa kidole. Nikaanzia tako la kulia, nikashuka nyuma ya paja, nikapita nje ya goti mpaka kidole gumba cha mguu. Akanitembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Akanilaza chali, akauinua mguu ukiwa umenyooka. Haukufika mbali, nikapiga kelele.

Maumivu yanayosafiri hivyo mpaka chini ya goti, yenye ganzi au kupiga kama shoti, mara nyingi ni ya mshipa wa fahamu uliobanwa kiunoni, kwa kawaida na diski iliyotokeza kati ya pingili. Kukohoa na kupiga chafya huyazidisha. Mgongo uliochoshwa na kuinama hausafiri hivyo. Unauma kiunoni, pengine unagusa tako, basi. Goti la bibi aliyepanda na kushuka na ndoo za maji kwenye miteremko ya Makonde ni kesi nyingine: linamuuma akiinuka kwenye kigoda, na likikaza asubuhi huachia ndani ya nusu saa. Kukaza kukizidi saa nzima, na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, mpelekeni hospitali, huenda ni baridi yabisi.

Wazee watakuambia, "Lala mwanangu, mgongo upumzike." Siku moja au mbili, sawa. Zaidi ya hapo misuli inalegea na mgongo unazidi kukaza. Mimi nilitembea jioni, polepole, hata kama mguu unalalamika. Maumivu ya kawaida ya mgongo hutulia sana ndani ya wiki 6. Mshipa unaweza kula miezi, lakini wengi hupona bila kupasuliwa.

Shambani siinami tena kutwa. Naokota nimepiga goti moja, nikichoka nabadilisha, na ndoo naimwaga kabla haijajaa. Gunia ni la watu wawili, hata kama shemeji anajiona ana nguvu.

Diklofenaki ina kazi yake, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo mbovu amuone daktari kwanza, na asiichanganye na ibuprofeni, dawa ya jamii hiyohiyo. Kwa maumivu ya mshipa mara nyingi haifui dafu, kwa hiyo kuongeza dozi ni kujichosha. Sindano za mtaani sizitaki hata kuzisikia.

Mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, pima kifua kikuu. Hushika hata uti wa mgongo. Na ukiona ganzi sehemu unazokalia, mkojo hautoki, haja inakuponyoka, au mguu unaburuzika, usisubiri mnada wa korosho upite. Tafuta gari usiku huohuo, hospitali ya Ndanda au Ligula, yoyote iliyo karibu.