Nyonga inayouma miezi na miezi: kwa mkimbiaji mwenye mtoto wa kubeba

Mkimbiaji akilalamika nyonga huambiwa apumzike. Hupumzika wiki tatu, hurudi barabarani kwa hamu, na kabla hajamaliza kilomita ya pili maumivu ni yale yale. Akiwa mzazi mwenye mtoto mdogo, sababu mara nyingi ni hii: zilizopumzika ni mbio, nyonga haikupumzika. Imebeba mtoto ubavuni tangu asubuhi, imekunjwa kwenye kigoda mbele ya beseni la nguo, imelaliwa upande mmoja usiku kucha mtoto akinyonya. Kilomita 5 ni nusu saa na ushei; kazi nyingine hizo ni za kutwa na usiku wake. Mzigo wa nyonga uhesabiwe wote pamoja, wa mbio na wa malezi, ndipo utajua cha kupunguza.

Onyesha kwa kidole kimoja

Tukisema "nyonga" wengi tunamaanisha sehemu nyingi: kinena, ubavu wa paja, kiuno, hata kalio. Weka kidole pale panapouma hasa.

Kikitua ubavuni, juu ya kile kifundo cha mfupa kinachogusa godoro ukilala kwa upande, kwa kawaida shida ni kano za misuli ya kalio zinazojishikiza pale. Huuma ukiulalia upande huo, ukipanda ngazi, ukiinuka baada ya kukaa muda mrefu, na ukisimama kwa mguu huo mmoja sekunde 30 huku umegusa ukuta kidogo. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume.

Kikitua chini ya kalio, kwenye mfupa wa kukalia, na benchi gumu linakutesa, fikiria kano ya misuli ya nyuma ya paja. Maumivu yanayoshuka mpaka chini ya goti yakiwa na ganzi mara nyingi yanatoka mgongoni.

Kikitua kinenani, usiendelee na mazoezi ya makala hii. Kinena ndicho mahali ambapo kiungo chenyewe husemea: gegedu, ukingo wa kikombe cha nyonga, au shingo ya mfupa wa paja. Kinachotutia hofu ni ufa mdogo kwenye hiyo shingo, unaoletwa na mfupa kuchoka kwa kugongwa kila siku bila kupata nafasi ya kujijenga. Huanza kama maumivu ya ndani ya kinena yanayozidi ukikanyaga na kutulia ukikaa, kisha huanza kuuma hata usiku. Ukipuuzwa, mfupa unaweza kukatika kabisa, na hapo kinachofuata ni upasuaji. Usijipime kwa kurukaruka kwa mguu mmoja. Acha kukimbia siku hiyo hiyo na uende hospitali. Kwa Dodoma kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mwambie daktari unakimbia kilomita ngapi kwa wiki, umeongeza lini, na kama unanyonyesha au hedhi imepotea. Maelezo hayo yana uzito, kwa sababu picha ya eksirei katika wiki za mwanzo inaweza kuonekana safi kabisa huku ufa upo. Kipimo cha picha cha MRI, kinachotumia sumaku, ndicho huuonyesha mapema.

Mwenye selimundu anayeanza kuumwa kinena asisubiri pia, maana damu inaweza kuwa haifiki kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Homa, kukonda bila sababu au jasho jingi la usiku pamoja na nyonga kuuma ni dalili za kupeleka hospitali, si za kuchua.

Hapa hutajwa John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akamaliza. Tunajivunia kwa haki. Lakini lile lilikuwa jeraha la siku moja, katika mbio moja ya maisha. Kuumwa kinena kila Jumamosi miezi minne mfululizo ni jambo jingine, na ushujaa hauliponyi.

Kwa nini ya ubavuni haiponi

Yanayofuata ni ya maumivu ya ubavuni. Kano zile hubanwa kwenye mfupa kila paja linapovuka kuelekea katikati ya mwili, au kiuno kinaposukumwa pembeni. Sasa angalia mzazi anavyobeba mtoto: anasukuma nyonga nje iwe kama kiti, mtoto anakalia pale, na mama anaendelea kusonga ugali kwa mkono mmoja. Kano inabanwa muda wote huo, tena chini ya mzigo wa kilo 9 au 12. Kukaa umekunja nne, kusimama kwenye foleni umeegemea mguu mmoja, kulala ubavu huku goti la juu limedondoka kwenye godoro: zote hubana vilevile.

Ndiyo maana lile zoezi la kunyoosha linalopendwa sana, la kuvuta goti kuelekea bega la upande wa pili, huleta nafuu ya dakika kumi na kuchokoza kano siku nzima. Liache. Kukandwa kwa maji ya moto kunatuliza misuli na hakuna ubaya, ila anayekukanda asikandamize juu ya kifundo chenyewe cha mfupa.

Mtoto abebwe mgongoni kwa kanga au mbeleko, katikati, miguu yake ikikumbatia pande zote mbili. Kibebeo cha kifuani nacho ni sawa. Ikibidi umbebe mkononi, mkumbatie mbele ya kifua, nyonga zako zikiwa sawa.

Ndoo ina siri yake. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, na ukiibeba kwa mkono wa kulia misuli ya nyonga ya kushoto ndiyo inayofanya kazi ya kuzuia kiuno kisizame. Kwa hiyo kama huna budi kubeba kwa mkono mmoja, beba upande ule unaouma. Wengi hufanya kinyume wakidhani wanaupumzisha. Bora zaidi ni madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, au ndoo kichwani kwa aliyezoea.

Usiku, lalia upande mzima na uweke mto kati ya mapaja unaofika mpaka vifundo vya miguu. Mto mdogo wa magotini peke yake hautoshi, kwani unyayo ukishuka paja nalo hujizungusha. Mama anayenyonyesha akiwa amelala hawezi kukwepa upande mbaya usiku mzima. Akunje blanketi mara nne aliweke chini ya nyonga, hasa kama godoro limebonyea katikati. Kazi ya kufua ipandishwe: beseni juu ya meza au tofali mbili, na kigoda kibadilishwe na kiti ambacho magoti hayapandi juu ya nyonga.

Mabadiliko haya peke yake hupunguza maumivu ya usiku ndani ya wiki mbili au tatu kwa wengi. Yasipofanyika, sioni faida ya kuanza mazoezi.

Kuijenga kano

Wiki mbili za kwanza, zoezi moja. Lala chali, kunja magoti, funga kanga kuzunguka mapaja juu kidogo ya magoti, yakiwa yameachana kwa upana wa nyonga. Sukuma magoti nje kwa nusu ya nguvu zako, shikilia sekunde 45, pumzika dakika moja, rudia mara 5. Kanga haivutiki, na hilo ndilo linalotakiwa: msuli unafanya kazi bila paja kusogea. Fanya kila siku, hata mara mbili, mtoto akiwa kando yako sakafuni.

Kuanzia wiki ya tatu, fanya siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Nyanyua nyonga ukiwa umelala chali, seti 3 za mara 12, ukihesabu mpaka tatu wakati wa kushuka. Likiwa jepesi, mtoto wa mwaka mmoja anaweza kukaa juu ya tumbo la chini ukimshika mikono, na kwake ni mchezo. Baadaye hamia mguu mmoja. Kisha panda na kushuka tofali la inchi 6 lililolazwa vizuri, seti 3 za mara 10 kila mguu. Mwisho, kata kipande cha tyubu ya baiskeli, fungia juu ya magoti, tembea ubavu hatua 10 kwenda na 10 kurudi, mara 3, bila kuburuza mguu wa nyuma na bila kuruhusu miguu ikutane.

Kosa kubwa liko kwenye tofali: kiuno kinazama upande wa mguu ulio hewani, na hapo kano inabanwa upya. Funga kanga iliyokunjwa nyembamba kiunoni kama mkanda ulionyooka, simama mbele ya kioo au mtu akurekodi kwa simu. Mkanda ukilala upande mmoja, tofali ni refu mno. Anza na inchi 3. Ukiweza mara 10 bila kuyumba, shika dumu la lita 5 lililojaa kwa mkono wa upande wa pili na mguu unaopanda. Ni ile ile kanuni ya ndoo, safari hii ukiitumia kuongeza kazi kwa makusudi.

Maumivu wakati wa zoezi yasizidi 3 kati ya 10, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi palepale yalipokuwa. Yakiwa juu zaidi asubuhi, rudisha mzigo nyuma nusu, usiache kabisa. Kano hubadilika polepole. Nafuu ya kweli huonekana kati ya wiki ya 8 na ya 12, na wanaoacha wiki ya tano kwa kuona "haifanyi kazi" ni wengi, nao ndio wanaonisikitisha zaidi.

Kurudi barabarani

Aliyejifungua asianze mbio kabla ya wiki 12, hata kama anajisikia vizuri, na mkojo kuvuja au uzito chini ya tumbo ni sababu ya kusubiri zaidi. Kwa wengine wote, kipimo ni kutembea haraka dakika 30 bila kuchechemea, wala siku hiyo wala kesho yake.

Kisha kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8, siku moja ndani moja nje. Ukimaliza mara tatu bila asubuhi mbaya, nenda dakika 2 kwa 1, mara 8. Halafu 4 kwa 1, mara 5. Halafu dakika 25 mfululizo, polepole. Usipandishe umbali na kasi wiki moja.

Fupisha hatua. Hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30. Ukipata 40, lenga 42 mpaka 44 kwa mwendo ule ule. Hatua fupi za haraka hupunguza mzigo wa nyonga bila gharama yoyote.

Barabara yenyewe ina lawama yake. Lami imeinamishwa kuelekea mtaroni, na mkimbiaji makini hukimbia upande wa kulia akitazama magari. Akienda hivyo na kurudi hivyo, mguu wa kushoto uko juu safari nzima, na nyonga ya kushoto ndiyo inayosukumwa nje. Kama ni hiyo inayouma, umepata mchochezi mmoja. Tafuta tambarare: njia ya waenda kwa miguu, uwanja wa shule, au kuzunguka uwanja wa mpira ukibadilisha mwelekeo kila mizunguko mitano. Mchanga mzito wa makorongo unayumbisha kiuno kila hatua, na vichochoro vilivyochimbwa na mvua kati ya Desemba na Aprili si salama gizani.

Viatu vya mtumba vinafaa, lakini hujui vilishakimbia umbali gani. Viweke mezani uvitazame kwa nyuma: kisigino kilicholala upande mmoja kiache hata kama rangi inang'aa. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, imekufa.

Usimeze diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio. Zinaficha ishara unayoihitaji, na kwa jua la Dodoma na maji kidogo mwilini zinaweza kuumiza figo. Sindano ya steroidi kwenye nyonga hutuliza kwa wiki kadhaa. Asiyebadilisha ubebaji na asiyejenga msuli hurudi alipokuwa.

Na kula. Mama anayenyonyesha mtoto asiyekula kitu kingine anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku, kabla hata hajavaa viatu. Anayekula mwisho, tena mabaki ya watoto, halafu akakimbia alfajiri na chai kavu, mifupa yake ndiyo inayolipa. Karanga kwenye mlenda, maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ugali wa uwele wa kutosha, na kitu tumboni kabla ya kutoka, walau ndizi au kikombe cha uji.

Vilima vya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) vije mwisho kabisa, baada ya wiki nne za dakika 25 hadi 30 bila shida. Panda kwa kukimbia, shuka kwa kutembea kwa wiki mbili za mwanzo, na siku hiyo mtoto abebwe na mtu mwingine mpaka jioni.