Kijiko mdomoni mwa aliyezimia? Hapana

Umeuliza kama aliyezimia atiwe kijiko mdomoni asimeze ulimi. Kiache kabisa, utamvunja meno bure. Ulimi haumezwi, misuli ikilegea, unaangukia nyuma na kuziba koo.

Mlaze chali. Kiganja kimoja kwenye paji la uso, ncha za vidole viwili vya mkono mwingine chini ya mfupa wa kidevu (si kwenye nyama laini, hapo unaziba zaidi). Rudisha kichwa nyuma taratibu huku ukiinua kidevu. Sogeza shavu lako puani pake, macho kifuani, sekunde zisizozidi 10. Akipumua vizuri, mlaze ubavu. Akitweta kwa kukatakata, hiyo haihesabiki kuwa pumzi: ita msaada, anza kukandamiza kifua. Kwa mtoto mchanga, kichwa kikae sawa tu, kisirudishwe nyuma sana.